Paina ya dawa, mlingoti au mninga: kuchagua mbao za baraza la nje katika Nyanda za Juu Kusini

Mkazi wa Mbeya, Iringa au Njombe anayetaka kujenga baraza la mbao nje ya nyumba yake hana shida ya kupata mbao. Shida yake ni kuchagua. Shamba la Miti la Sao Hill, lililoko Mufindi na linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, na kandokando yake yapo mashamba mengi ya watu binafsi, kiasi kwamba kutoka Mafinga hadi Makambako msafiri huona mbao zimepangwa pembeni mwa barabara kama matofali. Nyingi kati ya hizo ni paina, ambayo wengine huiita msindano, na zinazofuata ni za mlingoti, yaani mkaratusi. Mninga na mkongo hutoka kwenye misitu ya miombo, upande wa Chunya na kwingineko, na bei yake ni mara kadhaa ya bei ya paina. Ninazilinganisha hapa kwa ajili ya baraza lililo wazi, linalonyeshewa tangu Novemba hadi Aprili au Mei na kupigwa na jua kali la milimani miezi iliyobaki. Baraza lenye paa pana ni habari nyingine, kwa kuwa huko karibu mbao yoyote iliyokauka vizuri na kukingwa na mchwa itakufaa.

Msimamo wangu niuseme mapema, ili msomaji aupime anapoendelea. Fremu ya chini, yaani nguzo na boriti, iwe ya paina iliyotiwa dawa kwa shinikizo, bila kujali ukubwa wa mfuko wako. Mbao za juu za kukanyagia ndizo zichaguliwe kwa kuangalia mahali unapoishi na kazi uliyo tayari kuifanya kila mwaka. Watu wengi hufanya kinyume chake. Hununua mninga mzuri utakaoonekana na wageni, kisha wakaulaza juu ya boriti za bei rahisi zilizopakwa oili chafu ya gari. Boriti ndizo zinazokaa gizani karibu na udongo, mahali ambapo upepo haupiti vizuri na unyevu hauondoki haraka, na siku zikioza, mninga utashuka nazo.

Adui wa baraza ni watatu, na hawana nguvu sawa kila mahali. Wa kwanza ni fangasi wanaoozesha mbao, ambao hawawezi kuendelea na kazi yao mbao ikiwa na unyevu ulio chini ya asilimia 20 hivi; maji ndiyo hitaji lao la kwanza. Wa pili ni mchwa wa ardhini, anayepanda kutoka udongoni kwa kujenga njia za tope. Wa tatu ni jua, ambalo haliozeshi mbao lakini huchoma uso wake, huugeuza kijivu na kuupasua nyufa ndogo zinazoyapa maji nafasi ya kuingia. Mji wa Iringa hupata mvua ya wastani tu, kwa hiyo huko jua na mchwa ndio wa kuhofiwa zaidi. Tukuyu, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, mbao inaweza kukaa majuma mengi bila kukauka hata mara moja. Mbeya mjini iko katikati ya hali hizo mbili. Makete, Njombe na Mufindi zina ukungu wa asubuhi na, katika miezi ya Juni na Julai, hata jalidi, kwa hiyo mbao hulowa pasipo mvua kunyesha.

Paina iliyotiwa dawa

Paina yenyewe, bila dawa, haifai kabisa kwa baraza la wazi. Ikigusana na udongo inaweza kuwa imekwisha ndani ya miaka michache, na huo ni ukweli ambao muuzaji hatakueleza kwa kuwa hukumuuliza. Sifa yake kubwa ni ile inayoonekana kama udhaifu: sehemu yake ya nje, ile nyeupe, ina vinyweleo vinavyonyonya, kwa hiyo hupokea dawa kwa wingi. Kiwandani mbao zilizokauka huingizwa kwenye tangi refu la chuma, hewa hunyonywa, kisha dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki husukumwa ndani kwa shinikizo. Dawa hiyohiyo ndiyo inayotumika kwa nguzo za umeme, na ndiyo inayozipa nguzo hizo rangi ile ya kijani iliyofifia.

Rangi ya kijani, hata hivyo, si ushahidi. Rangi inaweza kupakwa kwa brashi, na mbao iliyochovywa kwa dakika chache hufanana kwa nje na iliyokaa kwenye tangi. Omba ukate kipande cha mbao moja, walau nusu mita kutoka mwisho, uangalie ndani: ukijani unatakiwa uwe umeingia sehemu yote nyeupe, na kama umeishia kwenye utando mwembamba wa pembeni, umeuziwa rangi. Kiini cha mti hakipokei dawa vizuri, na hilo si kosa la kiwanda. Ndiyo maana kwa kazi hii mbao zenye sehemu nyeupe nyingi ni bora, kinyume kabisa na kanuni tunayoifuata tukinunua mninga. Ukikata mbao wakati wa ujenzi, sehemu iliyokatwa haina kinga, na lazima ipakwe dawa ya mbao mara mbili au tatu kabla ya kufungwa. Fundi akikwambia si lazima, jua kwamba baraza litaanzia kuoza hapo hapo.

Aseniki ni sumu, na inastahili tahadhari. Nchini Marekani watengenezaji waliacha kuitumia dawa ya aina hii kwa mbao za nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003, na badala yake wakaingiza dawa za shaba zisizo na aseniki. Kwa maoni yangu ni sawa kuitumia kwenye nguzo na boriti, ambazo hakuna anayezishika. Kwa mbao za juu, ambako watoto hutambaa na watu hula kwa mikono, ni bora uulize kiwanda kama kina dawa ya shaba pekee, au uchague mbao nyingine. Anayepasua au kuranda mbao hizi avae barakoa, na asizirande nyumbani ikiwa inawezekana, kwa kuwa randa huondoa tabaka lile lile lililobeba dawa nyingi zaidi.

Mlingoti

Nitauzungumzia mlingoti kwa kirefu kidogo kwa sababu ndio ulionifunza. Baraza langu la kwanza, nyuma ya nyumba huko Uyole, nililijenga kwa mlingoti uliotoka shambani karibu moja kwa moja, umepasuliwa kwa mashine ndogo na ungali mzito kwa maji. Ilikuwa Oktoba, na fundi aliniambia, “Mzee, tukingoja zikauke mvua zitatukuta.” Tukapigilia kwa misumari ya inchi 4. Kufikia Julai iliyofuata mbao zilikuwa zimekunja kingo juu kama ganda la mgomba lililoanikwa, misumari imechomoza vichwa, na mbao mbili zilikuwa zimepasuka kuanzia mwisho hadi urefu wa mkono mzima. Mvua za kwanza za Novemba zilipokuja, kila mbao iligeuka kijito. Maji yalilala katikati ya mbao hadi mchana, na kuzunguka kila kichwa cha msumari kulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sarafu, kwa sababu chuma kikikutana na tanini ya mlingoti na maji hutoa wino.

Makosa hayo hayakuwa ya mti. Mlingoti hukua haraka ukiwa na mkazo mwingi ndani ya shina, na mkazo huo hufunguka siku msumeno unapopita; juu ya hayo, husinyaa sana unapokauka. Anayetaka kuutumia lazima aupange kwenye kivuli, tabaka kwa tabaka, huku kila tabaka likitenganishwa na vipande vya mbao vya inchi 1 vilivyolingana wima, aweke mawe mazito juu ya rundo, apake rangi au nta kwenye ncha ili zisikauke kabla ya katikati, kisha angoje miezi, na kwa mbao nene karibu mwaka. Akifanya hivyo hupata mbao ngumu kuliko paina, isiyobonyea kwa miguu ya viti. Kuhusu kuoza, kiini cha mlingoti uliokomaa kina uvumilivu wa kati: kinaishinda paina isiyo na dawa, lakini kinashindwa mbali na mninga. Sehemu yake nyeupe huliwa na wadudu, na kiini hakipokei dawa ya tangi, kwa hiyo huwezi kuuokoa kiwandani kama unavyoiokoa paina. Mlingoti mchanga wa miaka michache, ambao ndio mwingi sokoni, una kiini kidogo mno. Kwa Iringa iliyo kavu, kwa mtu mwenye subira na nafasi ya kukaushia, nauona kuwa chaguo la heshima. Kwa Tukuyu, hapana.

Mninga na mkongo

Mninga hausifiwi bure. Kiini chake hakiozi kwa urahisi, mchwa huupita, na zaidi ya yote husinyaa kidogo sana kati ya ubichi na ukavu, kwa hiyo mbao iliyonyooka leo itabaki imenyooka. Hukatika na kurandwa bila ugomvi. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi; skrubu haiingii bila kutoboa kwanza kwa kekee, na meno ya msumeno huisha mapema, lakini ukishaufunga unaweza kuusahau kwa miaka mingi. Una kasoro moja ambayo watu huigundua baada ya kumaliza: mvua za mwanzo huukamua rangi ya manjano, na rangi hiyo ikitiririka kwenye ukuta uliopakwa chokaa au kwenye zege safi haitoki kwa sabuni. Acha mbao zinyeshewe uwanjani kwanza, au usipake rangi ukuta hadi msimu mmoja wa mvua upite.

Kwa miti yote miwili kataa mbao zenye ukanda mweupe pembeni. Ukanda huo si kiini, hauna uimara wa mninga hata kidogo, na utaliwa huku jirani yake akiwa mzima. Kanuni hiyo inauhusu pia mtiki wa mashamba ya Kilombero, ambao huuzwa ukiwa bado mchanga.

Lipo pia suala la sheria, na hapa mnunuzi mdogo hujidanganya kwamba halimhusu. Kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mazao ya misitu yanaposafirishwa yanatakiwa kuwa na hati ya kusafirishia. Dai kuiona, au nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa atakayekupa risiti. Mbao za mninga zinazoletwa usiku kwa bei ya kushangaza zina sababu ya bei hiyo. Mwezi Novemba 2022 mninga na jamii zake za Afrika, pamoja na jamii ya mkongo, ziliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini kati ya nchi na nchi. Hatua hiyo haikuzuii kununua mbao hapa nchini, ila inaonyesha hali ya miti yenyewe huko porini, nami kwa sababu hiyo siwezi kumshauri mtu kufunika mita 60 za mraba kwa mninga ili aweke meza moja na viti vinne.

Hesabu ya baraza dogo

Mbao zetu huuzwa kwa urefu wa futi 12, yaani takriban mita 3.6. Panga baraza kwa kipimo hicho na utaepuka mabaki. Tuchukue baraza la mita 3.6 kwa mita 3. Mbao za upana wa inchi 6, zikiachiwa nafasi ya milimita 5 au 6 kati yake, zitatosha 20 hivi. Chini yake, mbao za unene wa inchi 1 zinahitaji boriti kila sentimita 40, yaani boriti 10. Ukitumia mbao za inchi 2 unaweza kufika sentimita 60. Boriti za mbili kwa sita zilale juu ya mihimili mitatu, na kila mhimili ubebwe na nguzo tatu. Kila mbao ikifungwa kwa skrubu mbili kwenye kila boriti, skrubu zitakuwa 400. Idadi hiyo huwashtua watu, nao hukimbilia misumari ya kawaida, na huo ndio ubahili unaogharimu zaidi. Nunua skrubu zisizoshika kutu, au angalau zilizopakwa zinki nzito, kwa kuwa shaba iliyo ndani ya paina ya dawa hula chuma kitupu haraka kuliko mvua.

Ile nafasi ya milimita 5 ni ya mbao kavu. Mbao ya paina mbichi yenye upana wa sentimita 15 inaweza kupungua milimita 5 hadi 8 inapokauka, na mlingoti hupungua zaidi. Ukizifunga mbichi kwa nafasi hiyo, baada ya kiangazi kimoja utakuwa na mianya inayomeza vijiko. Paina mbichi ifungwe ikigusana, nayo itajifungulia njia yenyewe.

Nguzo usizichimbie udongoni, hata kama zimetiwa dawa. Mwaga viguzo vya zege vinavyopanda sentimita 15 au zaidi juu ya ardhi, uweke kitako cha chuma kinachoinua mwisho wa nguzo ili usikae ndani ya maji, na kati ya zege na nguzo uweke kipande cha bati lililokunjwa kingo zake kuelekea chini. Bati hilo halimuui mchwa. Linamlazimisha kupita nje, mahali utakapoiona njia yake ya tope na kuibomoa. Kwa sababu hiyo hiyo usizibe pande za baraza kwa matofali. Chini ya baraza pitisha upepo, weka kokoto, na usihifadhi kuni. Mbao za juu zielekee kushuka kutoka ukutani kwa sentimita 1 au 2 kwa kila mita, na kati ya boriti na mbao tandaza ukanda wa nailoni nzito au lami, kwa sababu maji yanayoingia kwenye tundu la skrubu huishia juu ya boriti, na boriti huozea hapo kutoka juu kwenda chini.

Oili chafu naizungumzia peke yake kwa kuwa kila fundi ataipendekeza. Ni kweli humchelewesha mdudu kwa muda. Lakini haiingii ndani ya mbao kwa kina, huoshwa na mvua hadi kwenye bustani na kisima, huchafua nguo za anayekaa, na hufanya mbao iteleze. Kwenye uzio wa ng’ombe watu wana sababu zao. Kwenye baraza sioni hata moja.

Nani achague nini

Anayeishi Tukuyu, au mahali popote Rungwe penye mvua za namna hiyo, achague mkongo au mninga kwa juu kama anaumudu, na kama haumudu achukue paina ya dawa iliyothibitishwa kwa kukatwa, mlingoti auache. Aliyeko Iringa mjini ana uhuru mkubwa zaidi, na paina ya dawa itamtosha kabisa, ilimradi ashughulikie mchwa kwa bidii. Mufindi na Njombe paina iko mlangoni, viwanda vya kutia dawa viko karibu, na kununua mninga uliosafirishwa kutoka mbali kwa ajili ya baraza la kawaida ni fahari tu. Mbeya mjini mimi binafsi nilirudia baraza langu kwa fremu ya paina ya dawa na mbao za juu za mninga, mita 10 tu za mraba, na sijutii udogo wake. Mtu asiyetaka kushika brashi hata siku moja katika maisha yake ajenge kwa zege na vigae, asidanganywe na yeyote kuhusu mbao isiyohitaji matunzo.

Matunzo

Mwaka wa baraza huku kwetu huanza Septemba, wakati mbao zimekauka na mvua bado. Fagia, toa majani na udongo kwenye mianya kwa kisu butu, kwa kuwa takataka zilizokwama hushika unyevu kama sponji, kisha sugua kwa brashi ngumu na maji ya sabuni. Mashine ya maji yenye nguvu huchimba sehemu laini za paina na kuiacha na manyoya. Baada ya hapo lala kifudifudi na bisibisi mkononi, uingize kichwa chini ya baraza. Choma ncha za boriti na mahali nguzo inapokutana na chuma: mbao nzima huikataa ncha na kutoa sauti kavu, iliyooza huipokea kimya kimya.

Vanishi ya kung’aa usiitumie nje. Jua letu huibabua, hupasuka, maji huingia chini yake yasiweze kutoka, na msimu unaofuata utakuwa unakwangua badala ya kupaka. Mafuta yanayopenya ndani, kama ya kitani yaliyochemshwa na kutiwa rangi kidogo, hufifia bila kubanduka, na kupaka tena ni kazi ya nusu siku kila mwaka mmoja au miwili. Chembe za rangi ndizo zinazolizuia jua, kwa hiyo mafuta matupu yasiyotiwa rangi hayasaidii sana. Tukuyu mafuta ya kitani huota madoa meusi ya kuvu, na huko ni afadhali kununua mafuta ya nje yenye dawa ya kuvu ndani yake. Matambara uliyopakia mafuta ya kitani yatandaze nje au yaloweke majini, kwa sababu yakikunjwa pamoja hupata joto yenyewe hadi kuwaka. Mninga na mkongo ukitaka waweza kutopaka chochote. Utageuka kijivu kama fedha ya zamani, na uimara wake utabaki ule ule.

Vipande vya paina ya dawa vilivyobaki navyo vina mahali pake. Julai ya Njombe, baridi ikiwa imefika mifupani, vipande vile vikavu vilivyokatwa saizi ya jiko hutamanisha, na fundi mwenyewe anaweza kuviomba apeleke nyumbani. Usimpe. Aseniki hutoka na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu, ambayo wengi wetu huyamwaga kwenye mboga. Vikusanye kwenye gunia siku ile ile ya ujenzi, uvitupe dampo pamoja na taka zisizochomwa, na kuni za jioni hiyo zitoke kwenye miwati.